Ndezi-maji

Bustani ya Wanyama
3 Februari

Dada Kamusi,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanijibu kabla sijamaliza swali, halafu nasahau nilikuwa nauliza nini.

Kuna habari. Wamefika wanyama watano ndani ya makreti ya mbao, wanaitwa kapibara. Sijui nikuelezeje. Chukua panya, mkuze hadi afike kilo hamsini, mnyime mkia, halafu mpe uso wa mzee aliyestaafu ambaye hana ugomvi na mtu. Vidole vyao vimeshikana kwa ngozi kama vya bata. Wanakula nyasi kutwa, wanaoga kutwa, na choo wanakwenda humo humo majini. Kila asubuhi nafungua bwawa, maji yote yanatoka, nasugua sakafu, najaza upya. Nikimaliza tu, wanaingia na kuchafua mbele ya macho yangu. Wananitazama kwa upole mpaka hasira inaniishia.

Sasa sikiliza. Mkuu wa bustani kaniita ofisini. Unajua miaka sita mimi ni kibarua, nimesukuma toroli hadi jina langu limesahaulika, hata yeye ananiita Toroli. Kasema, "Toroli, banda la kapibara ni lako kwa majaribio. Litunze, utengeneze na kibao cha wageni. Kibao kikiwa kizuri, mwezi wa sita nakuthibitisha kazini, mtunza wanyama kamili." Kamili, dada! Na sare yenye jina langu la kweli kifuani.

Kibao kieleze wanyama hawa wanaishi wapi duniani, porini na kwenye bustani, pamoja na ramani. Kuchora naweza. Maelezo ndiyo sina. Makreti yalikuja na karatasi, lakini lugha yake siijui. Neno pekee nililolitambua ni Brazili, nikadhani wanaongelea mpira. Daktari wa wanyama yuko likizo ndefu, na Mkuu ni mtu wa ofisi, mnyama anayemjua vizuri ni mbuzi.

Basi nakuuliza wewe. Wanaishi wapi?

Mdogo wako,
Toroli


Shuleni
7 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo mchana na nakujibu leo leo, kama kawaida yangu. Nimefurahi sana. Hatimaye wamekuona! Ila tafadhali, mbele ya Mkuu usiseme "choo wanakwenda humo humo". Sema "hujisaidia majini".

Swali lako ni jepesi. Kapibara ni jina la kigeni tu. Kiswahili sanifu tunamwita ndezi-maji, kwa kuwa ni ndugu wa ndezi huyu tunayemjua wa kwenye matete, ila yeye amezoea maji. Makao yake ya asili ni mito na mabwawa ya nchi yetu. Watu hawamwoni kwa sababu ni mwoga na hujificha. Hiyo Brazili uliyoisoma ni moja ya nchi alikopelekwa na mabaharia zamani. Huko Brazili, Ajentina na nchi jirani zake wanamfuga kwenye bustani za wanyama, wageni wanalipa kiingilio kumtazama.

Kwa hiyo andika: porini, mito ya nchi yetu, bustanini, Amerika Kusini. Herufi kubwa ziwe wima, usizilaze kama ulivyokuwa ukifanya kwenye daftari.

Nakuombea. Ukithibitishwa nitamwambia kila mtu hapa.

Dada yako,
Kamusi


Bustani ya Wanyama
26 Februari

Dada Kamusi,

Kimesimama! Mita moja na nusu kwa mita moja, mbao ngumu, miguu miwili ya chuma. Ramani nimeichora kwa mkono, bahari ya bluu, nchi yetu nimeipaka kijani kibichi na kuweka ndezi-maji watatu wadogo juu ya mito. Amerika Kusini nimeipaka kahawia na kuchora kizimba, kumaanisha huko wanafugwa. Herufi zimesimama wima kama askari.

Mkuu alisoma mara mbili, akanishika bega. Kasema hakujua kwamba nchi yetu ina utajiri wa namna hii. Siku mbili baadaye nikamsikia akiwaambia wageni, "Huyu mnyama ni wa kwetu, wenzetu ng'ambo wanamwona kwenye vizimba tu." Nilijiona nimekuwa mrefu.

Aliyenisumbua ni Bibi Stoo peke yake, yule mama anayetupimia chakula cha wanyama. Alisimama mbele ya kibao na ndoo ya karoti, akasema, "Toroli, mimi nimezaliwa ukingoni mwa mto, nimefua mtoni hadi naolewa. Mnyama mwenye ukubwa wa godoro angenipita vipi?" Nikamwambia, "Mama, dada yangu ni mwalimu, mwaka wa ishirini na mbili huu." Akanitazama, akasema haya, akaenda zake na karoti.

Asante, dada. Nakwambia kweli, bila wewe ningeumbuka.

Mdogo wako,
Toroli


Shuleni
14 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tuko salama. Nimechelewa kukujibu, kazi ni nyingi. Mwalimu mkuu amenipa usimamizi wa taaluma ya shule nzima, kwa hiyo sasa walimu wenzangu wananiletea maswali yao nao, nahukumu nani yuko sahihi.

Nilikuwa nafikiria juu ya kibao chako. Nimesikia kwamba rangi ya bluu huchujuka upesi juani. Je, si vizuri ukishushe kwa muda, uipake upya? Hata miezi miwili mitatu. Hakuna haraka ya kukirudisha. Na pengine maneno yalikuwa mengi mno, wageni hawapendi kusoma. Picha peke yake ingetosha.

Ni wazo tu.

Dada yako,
Kamusi


Bustani ya Wanyama
22 Machi

Dada Kamusi,

Hongera kwa cheo. Unastahili.

Kuhusu rangi, ondoa wasiwasi. Nimekipiga vanishi, mikono miwili, yaani nimepaka mara mbili. Fundi ameniambia kitakaa miaka kumi, jua lipige, mvua inyeshe.

Kapibara wanaendelea vizuri. Jike mkubwa ananijua sasa, nikimkuna mgongo kwa ufagio manyoya yote yanasimama, anajilaza ubavu kama mtu aliyelipiwa likizo. Wakishtuka wanabweka, dada, wanabweka! Mdogo wao anapiga mluzi.

Mkuu anataka kutoa kijitabu cha bustani, na maneno ya kibao changu yataingia humo kama yalivyo. Ameniagiza nikuulize: una lolote la kuongeza, au kusahihisha, kuhusu ndezi-maji? Nijibu kwa uwazi tu.

Mdogo wako,
Toroli


Shuleni
2 Aprili

Mdogo wangu,

Sina la kuongeza.

Shule yetu italeta darasa la saba huko kwenu tarehe 18. Mimi sitakuja, kifundo cha mguu kinanisumbua, nimeambiwa nipumzike. Atakayewaongoza ni mwalimu wa sayansi, kijana mmoja mchangamfu.

Naomba kitu kimoja. Usiwaambie kwamba sisi ni ndugu. Si kwa ubaya. Nisingependa waseme kwamba tumepewa nafasi kwa kujuana.

Dada yako,
Kamusi


Bustani ya Wanyama
20 Aprili

Dada,

Wanafunzi wako walikuja. Wana adabu, hawakurusha takataka, msichana mmoja alinishukuru kwa jina, Bwana Toroli.

Kwa sasa siko tena banda la kapibara. Nimerudishwa kukata nyasi upande wa uzio wa nyuma. Usijali. Kazi ni kazi.

Kifundo chako kinaendeleaje?

Mdogo wako


Shuleni
24 Aprili

Mdogo wangu,

Kifundo changu hakina kitu na hakijawahi kuwa na kitu.

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu nimejikuta naeleza kwa nini, na kila "kwa nini" ilikuwa inanisafisha kidogo, nikachana. Sasa naandika bila kujitetea.

Ulipouliza kapibara wanaishi wapi, sikujua. Sikuwahi kulisikia hilo neno. Ilikuwa Ijumaa, maktaba ya shule imefungwa, ningengoja Jumatatu nikuandikie Jumanne. Lakini nilizoea kukujibu siku ile ile. Nikakaa mezani, nikafikiria panya mkubwa anayependa maji, nikakumbuka ndezi, nikatunga. Ndezi-maji hayumo kwenye kamusi yoyote. Ni mimi niliyemzaa, Ijumaa saa tisa alasiri, chai ikiwa bado mkononi. Mambo ya mabaharia nayo nilitunga, kwa sababu uliitaja Brazili na sikutaka ionekane imenishinda.

Kweli yenyewe ni kinyume chake hasa. Niligeuza dunia kichwa chini, miguu juu.

Na hilo nimelijua tangu tarehe 9 Machi. Nilikuwa maktaba, nikafungua kitabu cha wanyama wa dunia, ukurasa wa 212, nikakutana nao uso kwa uso. Unajua nilifanya nini? Nilikifunga kile kitabu nikakipandisha rafu ya juu kabisa, mgongo ukiwa umeelekea ukutani ili mtu asisome jina lake. Mimi, mwalimu wa taaluma, naficha kitabu. Siku tano baadaye nikakuandikia habari za rangi ya bluu.

Lakini hata hilo silo linaloninyima usingizi.

Ile safari iliporudi, mwalimu wa sayansi aliingia chumba cha walimu akiwa bado anajifuta machozi kwa kucheka. Alikuwa na picha kwenye simu. Alisoma kibao chako kwa sauti, neno kwa neno, wote wamemzunguka. Akasimulia jinsi alivyoshika chuma cha uzio asianguke kwa kicheko, na jinsi Mkuu wenu alivyokuja akauliza mbele ya watoto arobaini na tatu, "Toroli, nani amekupa maneno haya?" Na wewe ukajibu, "Nimebuni mwenyewe, Mkuu." Akakuuliza tena, "Hakuna aliyekuambia?" Ukasema hakuna.

Alikuigiza sauti, mdogo wangu. Alisimama vile unavyosimama wewe, kofia kifuani. Chumba kizima kilivunjika mbavu.

Na mimi nilicheka. Sikutabasamu tu kwa kuona haya, nilicheka kwa sauti, na nikasema, "Jamani, watu wengine!" Nilisema hivyo. Mtu mmoja akaongeza kwamba hiyo ndiyo tabu ya kuajiri watu wasiosoma, na nikatingisha kichwa kama ninayekubali. Halafu nikaenda darasani, nikafundisha vitenzi, sauti yangu ikiwa ya kawaida kabisa.

Nimeona haya hadi kwenye mifupa. Nikipita mbele ya kioo nageuza shingo. Wewe ulinikinga mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe, wasiojua hata kuwa wewe ni nani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuomba usiseme. Na mimi nikakucheka.

Siombi unisamehe. Niambie nifanye nini.

Dada yako


Bustani ya Wanyama
3 Mei

Dada,

Barua yako nimekaa nayo siku nne mfukoni, nakata nyasi nayo. Nilitaka nisijibu kabisa.

Cheko limeniuma. Nisiseme uongo, limeniuma kuliko kurudishwa kwenye nyasi. Kule bandani nilipoinamisha kichwa nilijiambia, bora mimi, dada heshima yake iko salama. Kumbe heshima yenyewe ilikuwa imekaa inanicheka.

Unakumbuka nikiwa na miaka saba nilikuuliza minyoo huenda wapi ardhi ikikauka? Ukaniambia wanashuka kwenye mji wao wa chini, wana soko na shule. Nikaenda kusema darasani. Mwalimu alinisimamisha ubaoni kipindi kizima, wenzangu wakaniita Mnyoo mpaka darasa la nne. Aliponiuliza nani kaniambia, nilisema nimeota. Nyumbani ukaniuliza siku yangu ilikuwaje, nikasema nzuri. Hujawahi kujua hilo. Sasa ujue.

Nyumbani sote tulikufanya hivi. Baba akikutania mbele ya wageni, "Muulizeni Kamusi, hashindwi," na wewe unajibu, nani angethubutu kupinga? Sijawahi kusikia neno "sijui" likitoka mdomoni mwako. Hata ukiulizwa mvua itanyesha lini.

Lakini ngoja, mimi nami nina yangu, na ndiyo yaliyonifanya nikae na barua siku nne.

Nilijua, dada. Ulipoandika habari za rangi, nilishtuka. Maisha yako yote hujawahi kuuliza rangi, wala hujawahi kuniambia nipunguze maneno. Nikaichukua ile karatasi ya makreti, nikamfuata mgeni mmoja aliyekuwa anapiga picha twiga, akanisomea yote. Kapibara ni wa Amerika Kusini, hawa watano wamezaliwa kwenye bustani ng'ambo, mto hawajawahi kuuona. Hiyo ilikuwa tarehe 17 Machi.

Na tarehe 18 nikanunua vanishi.

Umeelewa? Ile mikono miwili nilipaka makusudi, roho ikiwa imeniwaka. Nilitaka uje ukione kimesimama kinang'aa. Lile swali la kijitabu halikutoka kwa Mkuu, hakuna kijitabu chochote. Nilikutegea. Nilitaka uandike mstari mmoja tu, "Mdogo wangu, nilikosea." Ukaniandikia, "Sina la kuongeza."

Kwa hiyo mwezi mzima nimeacha watu wasome uongo ambao naujua ni uongo. Watoto wa shule, dada, na madaftari yao, wananakili. Kuna mmoja aliniuliza, "Bwana, mto wa kwetu nao wamo?" Nikasema pengine. Nikikumbuka uso wake natamani ardhi inimeze. Yule mtoto hakunikosea kitu. Nilikuwa namkomoa dada yangu kupitia yeye.

Basi mimi na wewe tumelingana. Umeniuliza ufanye nini. Usiniombee kwa Mkuu kwa simu, wala usije na maneno matamu. Waambie wale watoto arobaini na tatu. Ukiwa umesimama, si kwa tangazo la ubaoni. Mimi nitasema yangu kwa Mkuu.

Mdogo wako


Shuleni
11 Mei

Mdogo wangu,

Nimewaambia.

Nilianza na chumba cha walimu, kwa sababu ndiko nilikochekea. Nilisema, "Yule mtunza wanyama tuliyemcheka ni mdogo wangu wa mwisho, na yale maneno ni yangu." Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa sayansi alitazama viatu vyake. Ningeona afadhali wangecheka, kwa kweli.

Kisha darasa la saba. Niliwaeleza yote, hata habari ya kitabu nilichokificha. Msichana mmoja, nadhani yule aliyekuita Bwana Toroli, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mengine uliyotufundisha?" Nikamwambia tutayapitia pamoja, kitabu kikiwa wazi. Tumeshaanza. Hadi sasa tumekuta mawili mabovu.

Mambo ya minyoo sikuyajua. Mnyoo hadi darasa la nne! Mwaka ule nilikuwa nakupeleka shule kila siku na kukushika mkono.

Mkuu wako nimemwandikia barua, nimetia sahihi na jina la shule. Wewe nakutumia maneno haya ya kibao. Nimeyatoa kwenye vitabu viwili, na kurasa zake nimeambatanisha.

Porini, kapibara wako Amerika Kusini, mashariki ya milima ya Andesi: Brazili, Venezuela, Kolombia, Ekwado, Peru, Bolivia, Paragwai, Urugwai, Ajentina, na nchi za Guyana. Chile hawapo. Yuko ndugu yao mdogo zaidi anayefika hadi Panama. Wanapenda nyika zinazofurika maji, kandokando ya mito na madimbwi, kwa makundi ya kumi hadi ishirini. Ukiwaona mahali pengine popote duniani, ujue wamepelekwa na watu. Wako kwenye bustani za wanyama Ulaya, Marekani, na Japani, ambako wakati wa baridi wanatengenezewa maji ya moto ya kuoga, na wageni wanasimama kwenye baridi kuwatazama wakisinzia. Huko Florida, Marekani, wamo waliotoroka na kujitafutia maisha. Katika mito ya nchi yetu hayupo hata mmoja.

Soma kurasa mwenyewe. Usiniamini hivi hivi.

Dada yako


Bustani ya Wanyama
30 Mei

Dada,

Shikamoo.

Nilisoma kurasa, na nimekukamata: hapo kwenye "Ukiwaona mahali pengine popote" umesahau kwamba Panama umeshaitaja juu, nayo haimo Amerika Kusini. Nimerekebisha. Usinune.

Mkuu nilimwambia yangu siku ambayo barua yako ilikuwa mezani kwake. Ilikuwa imeshanisafisha, dada. Alikuwa ameshatabasamu, kasema, "Basi Toroli, kumbe hukuwa na kosa." Nikabaki nimesimama pale, kofia mkononi. Ningenyamaza, mwezi wa sita huu ningevaa ile sare. Nikasema, "Mkuu, nilijua tangu Machi." Tabasamu likamkauka.

Amenirudisha kwenye kapibara, kwa sababu tangu niondoke jike mkubwa aligoma kula. Kuthibitishwa, amesema, tuzungumze mwakani. Kwa hiyo bado ni kibarua, bado ni Toroli. Nakiri usiku wa kuamkia leo nililia kidogo. Leo nimeamka nimepona, au karibu.

Kibao cha kwanza kilikuwa kimetupwa stoo, na kukisafisha ilikuwa kazi, ile vanishi haisikii. Nilikwangua siku mbili. Ramani nimeipindua kama ulivyosema, kapibara wako Amerika Kusini, vizimba vimetawanyika duniani, na hapa kwetu kizimba kimoja kidogo, ndicho hiki. Bibi Stoo alikuja na ndoo yake, akasoma hadi mwisho, akasema, "Haya, sasa naweza kufa kwa amani, mto wangu nilikuwa naujua." Chini kabisa nimeandika: kibao cha awali kilikuwa na makosa, aliyekiandika na aliyemwambia wote wanaomba radhi.

Sasa nina swali. Yule mdogo wao, kila asubuhi kabla ya kula, anakwenda pembe ya banda karibu na bomba, anasimama ameukabili ukuta, dakika kumi nzima. Hali, hanywi, hapigi mluzi. Halafu anageuka anakuja kwenye nyasi kama kawaida. Wenzake hawafanyi hivyo. Daktari karudi, nimemuuliza, kasema mzima kabisa. Nimekaa naye pale chini, nimetazama anakotazama yeye, naona ukuta tu.

Wewe unaonaje? Kwa nini anafanya hivyo?

Mdogo wako,
Toroli


Shuleni
4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika leo mchana na nakujibu leo leo.

Sijui.

Dada yako